Mtoto Aliyelazwa kwa Ajili Yangu

Mmeniuliza kwenye grupu la kwaya sijui mara ngapi: "Mama Koku, picha ziko wapi?" Picha zilikuwepo, kumi na nne, na nimezifuta zote kwa mkono wangu mwenyewe. Najua mmeanza kunisema. Nasikia mmoja wenu kaandika kwamba nshomile, Mhaya msomi wa kujidai, kafika Kanda ya Ziwa, kapandisha mabega, kasahau wenzake. Laiti ingekuwa hivyo! Mabega yenyewe siku hizi hayapandi. Nimeamua niwaandikie yote, hata yale ambayo ningependa kufa nayo, kwa sababu gauni la mtoto mlichanga ninyi na sala mlisali ninyi, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaaibisha.

Kwa waliojiunga na kwaya juzi: nina miaka minne namfadhili binti mmoja wa Ukerewe kupitia shirika linalosaidia watoto wagonjwa na wenye ulemavu. Anaitwa Perusi, ana miaka kumi, anaumwa selimundu. Ni ugonjwa wa damu, mtoto anazaliwa nao. Unaweza kukaa kimya mwezi mzima halafu siku moja unashika mifupa, mtoto analia kama anavunjwa. Ufadhili ndio unaomlipia kliniki na dawa za kila siku. Nilikuwa nimeona picha zake mbili tu: ya kwanza akiwa mdogo kabisa, ya pili akiwa amelazwa, uso umevimba. Kanisani mlikuwa mnaniita mama Perusi, nami niliitika. Niliitika vizuri mno.

Morogoro hadi Misungwi

Ya tiketi na maandalizi nayaacha. Basi liliondoka jioni, tukapambazukiwa Shinyanga, nikawa najipongeza kwamba saa nne nitakuwa naoga Mwanza. Tulipofika Misungwi, pua na mdomo na Mwanza, mkanda wa injini ukakatika. Kondakta akatutangazia ni dakika ishirini. Jamani, dakika ishirini za kondakta wa basi! Tulikaa hapo mpaka saa nane mchana.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja wa Kisukuma anayerudi kutoka kwa binti yake Dodoma. Tukakaa pamoja kwenye kibaraza cha duka. Akafungua kikapu, akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimechemshwa na karanga. Mimi mtu wa ndizi, mnanijua. Nikatafuna kwa adabu. Akaniuliza, "Unaipenda?" Nikasema, "Sana!" Basi akaniongezea sahani nzima, na akakaa kuniangalia mpaka nimalize. Uongo wangu wa kwanza wa safari hiyo ulinikaa tumboni mpaka kesho yake.

Ili nipumzike kutafuna, nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Perusi akiwa hospitali. "Huyu mtoto wangu," nikamwambia.

"Umemzaa wewe?"

"Hapana, namfadhili."

"Mama yake yupo?"

"Yupo."

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Basi ana mama," akasema, akanirudishia simu. Kisha akauliza, "Anaumwa hivi siku zote?"

"Siku zote," nikamjibu. Mimi, ambaye sijawahi kumwona mtoto huyo hata kwa saa moja. Nilijibu bila kufikiri, kwa sababu lilikuwa jibu lenye uzito. Nikamwona yule mama anatikisa kichwa kwa huruma, nami nikajisikia mtu wa maana pale kibarazani.

Pasiansi

Mwanza nilifikia Pasiansi kwa binamu yangu Adventina. Mnamjua kwa simulizi zangu, mdomo wake hauna breki. Alinipikia sato na ndizi, na ndizi zenyewe ziliiva vizuri, nikakaribia kulia kwa raha baada ya ile michembe. Akaniuliza kama hao watu wa Ukerewe wanajua ninakwenda.

"Shirika limewaarifu," nikasema.

"Basi utakuta wamefagia," akasema Adventina. "Mgeni akitangazwa, hakuna nyumba utakayoikuta ilivyo."

Nilimcheka. Nilimwambia mimi si mgeni wa kufagiliwa, mimi ni mama wa mtoto. Akaniongezea ndizi.

Mwanza hadi Nansio

Shirika lilinipa kijana wa kunisindikiza, kwa sababu utaratibu wao hauruhusu mfadhili aende peke yake kwa mtoto. Anaitwa Masatu, kazaliwa hukohuko kisiwani, mpole, anaongea taratibu. Tulifika bandarini asubuhi na mapema tukakuta ziwa limechafuka. Mawimbi yanapiga ukuta, upepo unavua watu kofia. Tukaambiwa meli ya asubuhi haiondoki, na ya mchana haijulikani. Masatu akampigia simu mama yake Perusi, nikamsikia kwa masikio yangu: "Mgeni haji leo, mama. Labda kesho."

Tulikunywa chai vikombe vitatu vitatu. Nilikula sambusa ambazo sitaki kuzikumbuka. Mpaka saa saba hivi, upepo ukatulia ghafla, wakatangaza tupande. Masatu akapiga tena simu kueleza kwamba tunakuja. Haipatikani. Akapiga tukiwa tunaondoka, haipatikani. Chaji ilikuwa imeisha, tulijua baadaye. Jambo dogo tu hilo, lakini bila hilo nisingekuwa na cha kuwaandikia, ningewatumia picha zangu kumi na nne na mngezisambaza mpaka jimboni.

Ndani ya meli Masatu alijaribu kunieleza. Nakiri mbele yenu kwamba alijaribu. "Mama," akasema, "usishangae ukimkuta anacheza. Selimundu ndivyo ilivyo. Wiki hii mzima kabisa, wiki ijayo kalazwa. Akiwa mzima si kwamba kapona, ni dawa zinafanya..." Hapo nikamkatiza. Nilikuwa namsimulia jinsi nilivyoipata picha ya kwanza ya Perusi, jinsi nilivyolia, jinsi padri alivyonitaja kwenye mahubiri. Nilimsimulia mpaka Nansio, saa tatu nzima majini. Kijana wa watu akaishia kusema, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama."

Nansio hadi kijijini

Kijiji sitakitaja, mtanielewa. Tulichukua bodaboda mbili. Njiani ya Masatu ikapata pancha, akaniashiria nitangulie, kwa hiyo dereva wangu akanishusha kwenye uwanja wa shule nimsubiri hapo. Jua lilikuwa limelegea. Wasichana watano sita walikuwa wanaruka kamba, bado wako na sare.

Mmoja alikuwa fundi. Kamba inazungushwa kasi, yeye katikati, miguu haionekani, na anacheka kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Macho yake yalikuwa na umanjano kidogo. Nikadhani ni vumbi au jua. Nikajikuta nampigia makofi. Akaniona, akaongeza mbwembwe, akaruka kwa mguu mmoja.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Eti kwa mama Perusi ni wapi?"

Kamba ikasimama. Wote wakatazamana. Mmoja wa wazungusha kamba akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye mfadhili?"

"Ndiye mimi," nikasema, na nikasimama wima zaidi.

Yule fundi akageuka akakimbia. Alikimbia mbio ambazo sijaona, kamba kainyakua, inaburuta vumbi nyuma yake, akapotelea kwenye mihogo. Nikawaambia wenzake, "Mwenzenu ana adabu, kaenda kunitangaza." Mdogo kabisa alianza kutafuna kola ya shati lake.

Sikumsubiri Masatu. Nilishindwa, hamu ilikuwa imenijaa. Wasichana wakanionyesha njia, nikafika nyumba ya udongo yenye bati, uwanja umefagiliwa, Adventina angefurahi. Mama mmoja mwembamba akatoka mbio anafunga kanga, akapiga magoti kunisalimu. "Karibu, mama, karibu. Mgeni njoo mwenyeji apone!" Alikuwa anahema kama yeye ndiye aliyetoka mbali.

Ndani, juu ya mkeka, mtoto amelala amefunikwa blanketi mpaka shingoni, kichwa kimefungwa kitenge mpaka kwenye nyusi, macho kayafumba. Bibi yake anampepea kwa ungo. Anaguna taratibu. Ndugu zangu, nilidondoka magotini hapohapo. Nililia. Niliomba kwa sauti, nikaimba ule wimbo wetu wa jioni beti zote tatu. Halafu, Mungu anisamehe, nikatoa simu nikapiga picha. Mkono wangu kwenye paji lake. Gauni lenu juu ya blanketi. Mimi na bibi. Kumi na nne.

Paji la uso lilikuwa limelowa jasho. Si la homa. Nikagundua kifua kinapanda na kushuka haraka, kama cha mtu aliyetoka kukimbia. Akafumbua macho kidogo aone kama nimemaliza, nami nikayaona, yale ya manjano.

Ya hapo ndiyo nilitaka kufa nayo.

Nililivuta blanketi. Sare ya shule, vumbi mpaka magotini, na kamba bado kaikamata kwa mikono miwili kifuani. "Inuka!" nikasema. "Si wewe uliyekuwa unaruka kamba sasa hivi? Inuka!" Akainuka. Nikamgeukia mama yake. Nilisema maneno mengi, na sauti yangu mnaijua, ni ya mwimbishaji. Nilisema nimesafiri siku tatu kuja kuchezewa ngonjera. Nilisema kuna watoto wanaoumwa kweli. Nilisema miaka minne nimekuwa mjinga. Majirani wakajaa mlangoni. Nilisema neno "matapeli". Mbele ya mtoto nililisema, na mbele ya bibi yule, mama mkwe wa mama Perusi.

Mama Perusi hakujitetea. Aliinama uvunguni mwa kitanda, akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake kuna barua zangu zote, zimenyooshwa kama vyeti. Akachagua moja akampa mtoto. "Msomee."

Perusi akasoma, amesimama wima kama yuko darasani. Mnaikumbuka barua hiyo. Ni ya Krismasi, niliwasomea ninyi kabla sijaituma, mkapiga makofi. "Mpendwa Perusi, nimefurahi kusikia kwamba mwaka huu hujalazwa. Mungu ni mwema. Naomba upone kabisa, ili nafasi yako tumpe mtoto mwingine anayeumwa kuliko wewe." Alisoma vizuri, hakukosea hata nukta. Alipofika kwenye "mimi mama yako" akaikunja.

"Mwalimu alitusomea mara tatu," akasema mama yake. "Nikamwuliza, maana yake nini? Akasema maana yake akionekana mzima anaondolewa. Mimi ndiye niliyemwambia alale, mama. Yeye alikataa. Nilimpiga kofi ndipo akakubali. Kaka yake alikuwa na ugonjwa huuhuu, na hatukuwa na kliniki." Akaonyesha kwa kidevu nje ya mlango, upande wa migomba. Sikuhitaji kuuliza kuna nini huko.

Nilikaa chini. Masatu akafika wakati huo, mikono ina grisi ya pancha, akaangalia majirani, akaangalia kamba, akaelewa. "Mama," akaniambia, si kwa ukali, "nilikueleza kwenye meli."

Tena hata baada ya hayo walinichinjia kuku. Nilikataa, nikaambiwa kuku wa mgeni hakataliwi. Wakaniletea ugali wa muhogo na mchuzi, na juu kabisa ya sahani firigisi, kipande cha heshima. Kwetu zamani mwanamke hata hakuwekewa. Nilikila mbele yao wote, wakiniangalia kama wamenilisha vizuri. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama kile, na kilikuwa laini.

Gauni lenu, kwa taarifa yenu, halikumwingia. Tulishona kwa kipimo cha picha ya kwanza. Mama yake akalishukuru, akasema litamfaa mdogo wake.

Kijijini hadi hospitali

Walinilaza kwenye kitanda chao pekee. Asubuhi nikaamka nikidhani nitaomba radhi kwa utaratibu, nimeshayapanga maneno. Nikakuta nyumba iko kimya kupita kiasi. Masatu, aliyelala kwa jirani, alikuwa uani anaongea na mama Perusi kwa Kikerewe, wanapunguza sauti wakiniona.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama," akasema mama Perusi. "Chai inakuja."

Nikapita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma. Perusi alikuwa amejikunja ukutani, ameng'ata kanga ya mama yake, kaijaza mdomoni asitoe sauti. Miguu inatetemeka. Bibi anamkanda magoti kwa kitambaa cha maji ya moto na machozi yanamtoka. Walikuwa wamekubaliana nisijue. Jana nimewaita matapeli, leo wangeniambia nini?

Masatu aliniambia baadaye kwamba mbio kama zile, jasho, hofu, na kukaa bila maji ya kunywa vinaweza kabisa kuuamsha ugonjwa. Mbio zile alikimbia kwa sababu yangu. Maji hakunywa kwa sababu alikuwa anaigiza kulala, halafu akaona aibu kuomba.

Nilichuchumaa karibu yake. Akaitoa kanga mdomoni, akanitazama, jasho linamchuruzika mpaka masikioni.

"Bibi," akasema, "leo sidanganyi."

Mtoto mwenye maumivu ya mifupa ananiapia mimi! Nilimwambia najua, najua mwanangu, nakuamini, lakini mtu hawezi kurudisha kofi kwa kumwambia aliyepigwa samahani. Alirudia tena tukiwa tunambeba kwenda kwenye bodaboda. "Kweli leo sidanganyi." Akawa anawaambia na majirani, mmoja mmoja, waliokuwa wametoka kututazama.

Tulikwenda na bodaboda tatu. Perusi kabanwa katikati ya dereva na mama yake, mimi nyuma yao, Masatu wa mwisho. Kila shimo nililisikia mgongoni mwangu, na nikawaza analisikiaje yeye. Dereva wangu, hajui lolote, akaniambia kwa kunifariji, "Ana bahati huyo mtoto, mfadhili kaja mwenyewe." Nilimwomba anyamaze, na nikaona aibu tena kwa kumkaripia kijana aliyesema jambo jema.

Hospitali walimpokea haraka, wakamtundikia dripu na kumpa dawa ya maumivu. Nesi alimfahamu kwa jina. "Perusi wangu, mwaka mzima hujalazwa kwangu, nilidhani umenisahau," akamwambia, na huo ndio mwaka niliousifu kwenye barua. Hapohapo kwenye benchi la nje nikafungua simu nikazifuta zile picha. Mama Perusi aliniona.

Wodini

Nilikaa Nansio siku tatu, nimepanga chumba karibu na soko. Niliomba radhi. Nilimwomba mama mtu, akaniambia yameisha, na alivyolisema nikajua ni heshima tu. Nilimwomba bibi, akanishika mkono. Perusi nilimwomba mara mbili, ya kwanza bado ana usingizi wa dawa, ya pili macho makavu, na Masatu akaniwekea maneno kwa Kikerewe yasipotee njiani: kwamba ufadhili haukomi, awe mzima, awe mgonjwa, aruke kamba mpaka ichakae. Shirika nalo liliandika hivyo kwenye karatasi nikasaini, wakampa mama yake. Hilo kwa upande wa kliniki limekwisha, msiwe na wasiwasi.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda na chupa ya uji, kumuaga kabla ya meli. Mama yake alikuwa nje bombani anafua. Nilipokaribia mlango wa wodi nikasikia kile kicheko cha uwanjani. Dripu ilishatolewa. Perusi alikuwa amesimama peku kati ya vitanda viwili, anacheza mchezo wa kupigana makofi na msichana mwenye mkono uliofungwa bendeji, mkono mmoja kwa miwili, wanakosea, wanacheka, wanaanza upya. Nilisimama pale nikishukuru Mungu.

Akageuka akaniona. Mkono ukabaki juu. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemwambia kitu, mama yake hayupo, nesi yuko mbali. Akarudi kitandani kwake, akapanda, akalala chali, akavuta shuka mpaka shingoni, akafumba macho.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. "Perusi, inuka ucheze, mwanangu. Mimi sikuachi, hata ukipona."

"Ndiyo, bibi," akasema, kama anavyomwitikia mwalimu. Hakufumbua macho.

Nikamimina uji, nikauweka pembeni ya kitanda, nikasubiri kidogo. Alikuwa anapumua polepole, kwa uangalifu. Nikaaga, nikatoka. Nilipofika kwenye ngazi za nje nikasikia makofi yao yameanza tena.